Seva ya Shimoni: prosesa imeibwa au haikuonekana?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na kesi ya seva moja kule Shimoni. Kiufundi ilikwisha kwa Jumamosi moja, ila kwa upande wa watu imenichukua muda mrefu zaidi. Leo naieleza yote, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali fulani anakodolea skrini sasa hivi akijiuliza nusu ya prosesa zake zimekwenda wapi.

Kwa wasiopajua, Shimoni iko mwisho kabisa wa barabara, kusini ya Msambweni. Unaiacha barabara ya Lunga Lunga pale Kanana, unashuka hadi baharini, na ng'ambo yako ni kisiwa cha Wasini. Wageni huja kuona lile pango la watumwa, kisha hupanda mashua kwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti kutazama matumbawe na pomboo. Kuna kikundi kidogo pale, wazee kwa vijana, ambacho hupiga picha za hao pomboo, hasa pezi la mgongoni. Pomboo mzima huwa na mapengo na mikwaruzo yake kwenye pezi, na ukiijua unaweza kumtambua mwaka baada ya mwaka. Mimi ndiye niliyewaandikia programu ya kulinganisha mapezi. Unaweka picha mpya, programu inapitia picha zote za zamani na kukuletea kumi zinazofanana nayo zaidi. Kazi hiyo inataka prosesa nyingi, na inataka zote kwa pamoja.

Seva yenyewe ni ya mtumba. Ofisi moja ya Mombasa ilikuwa ikibadilisha mashine zake, ikatoa hii kama sadaka. Ina soketi mbili, na katika kila soketi mmekaa Xeon E5-2650 v2, prosesa ya mwaka 2013 yenye viini 8. Kila kiini huendesha nyuzi 2 za kazi, kwa hiyo Linux huhesabu prosesa 32. Memori ni GB 64: vipande 8 vya GB 8, vinne upande wa soketi ya kwanza na vinne upande wa soketi ya pili. Hiyo hesabu ya memori iwekeni akilini, tutairudia.

Basi siku moja Mzee mwenyekiti akanipigia simu. Mimi humwita ami. Akasema, "Mwanangu, mashine yako imekuwa nzito. Picha moja tunaiwekea, tunakunywa chai, tunarudi, bado." Usiku wake umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa. Mimi niko Ukunda, nikaingia kwa ssh nikaandika:

lscpu

Ikaniambia prosesa 16, soketi 1. Nusu nzima imetoweka!

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho chuoni nilikisoma ili nifaulu mtihani, nikaja kukielewa baadaye kazini. Mashine yenye prosesa nyingi haiwaki zote kwa pamoja. Huamka moja kwanza, ndiyo kiongozi, na zingine hungoja kuitwa. BIOS huandika orodha ya zilizopo katika jedwali liitwalo MADT, ambalo ni sehemu ya ACPI. Kerneli ya Linux ikianza, husoma jedwali hilo na kuziamsha moja moja. Ni kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Mwalimu haendi kutafuta watoto darasa kwa darasa, anasoma majina tu. Jina lako lisipokuwa daftarini, hata ukiwa umekaa dawati la mbele, wewe hupo. (Zamani, kabla ya ACPI kuenea, daftari lilikuwa lile la MP la Intel, ambalo toleo lake la 1.4 ni la mwaka 1997. Linux yenyewe ilianza kutumia prosesa nyingi katika toleo la 2.0, mwaka 1996.)

Kwa hiyo prosesa ikipotea, swali la kwanza ni moja: imepotelea ngazi gani? Je, kerneli imekatazwa kuiita? Au jina halimo daftarini? Au mtoto mwenyewe hakufika shule?

Ngazi ya kerneli ndiyo rahisi kuangalia:

cat /proc/cmdline

Humo unatafuta maneno kama maxcpus, nr_cpus, nosmp au acpi=off. maxcpus huanza na idadi uliyotaja na kuacha zilizobaki zimelala, unaweza kuziamsha baadaye. nr_cpus ni kali zaidi, inakata moja kwa moja. Hiyo acpi=off ndiyo nimeikuta mara nyingi: mtu mashine yake ilikuwa ikiganda, akashauriwa aizime ACPI, ikaacha kuganda, na kumbe ameichoma daftari ya mwalimu. Kwangu hapakuwa na hata moja kati ya hayo. Nikaangalia /sys/devices/system/cpu/offline, nayo tupu, maana yake hakuna prosesa iliyolazwa.

(Wa Windows nao wasihisi wametengwa. Kabla hujashika bisibisi, tazama ni toleo gani. Windows 10 Home na 11 Home hutumia soketi moja tu hata kama bodi yako ina mbili. Pro hutumia mbili. Na ndani ya msconfig kuna kisanduku cha idadi ya prosesa ambacho watu hukitia alama wakidhani wanaongeza kasi. Kinaweka kikomo, hakiongezi chochote.)

Halafu nikaandika:

free -g

GB 31. Memori nayo nusu. Hapa ndipo penye ushahidi, na kama utatoka na jambo moja katika makala haya basi chukua hili. Kerneli ikizuiwa kutumia prosesa, memori haipungui, inabaki yote. Lakini kuanzia Xeon 5500 za mwaka 2009 (na kwa AMD mapema zaidi, Opteron za mwaka 2003), kidhibiti cha memori kimo ndani ya prosesa yenyewe. Vipande vinne vya upande wa pili vinapita kwa prosesa ya pili tu, havina njia nyingine. Isipoamka, navyo havionekani. Hata kadi zilizochomekwa kwenye nafasi za PCIe za upande wake hupotea nayo. Kwa hiyo prosesa zikipungua na memori iko kamili, tafuta kosa kwenye programu. Vikipungua pamoja, kosa liko chini ya kerneli: BIOS, bodi, au prosesa yenyewe.

Mpaka hapo nilikuwa nimekwenda vizuri. Kisha nikaandika amri ya mwisho:

dmidecode -t processor

Kwa soketi ya kwanza ikasema iko na inafanya kazi. Kwa soketi ya pili:

Status: Unpopulated

Yaani soketi tupu. Nilijua kwamba prosesa mbovu mara nyingi huandikwa vingine, kwamba imo lakini imezimwa na BIOS. Hii haikusema imezimwa. Ilisema hakuna kitu. Nikampigia Mzee simu, nikamwambia kwa ile sauti ya mtaalamu, "Ami, prosesa ya pili haipo."

Maneno manne baada ya "ami", basi.

Mwezi mmoja nyuma, kijana anayelinda ofisi ile na kushika ufunguo wake alikuwa ameifungua seva kupuliza vumbi. Mimi ndiye niliyemwagiza, nikamwelekeza kwa simu hatua kwa hatua. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuifungua pale Shimoni. Na wiki hiyo hiyo ya simu yangu alikuwa ameonekana na simu mpya. Mjuavyo vijiji vyetu, jioni hiyo habari ilikuwa imeshafika gatini, na bila shaka ilivuka hadi Wasini kabla ya chakula cha usiku. Kamati ikakaa. Hakuna aliyemwita mwizi, watu wa kule wana adabu. Waliambizana tu kwamba ni vizuri ufunguo ukae kwa Mzee kwa sasa.

Mimi sikujua lolote. Nilijua Ijumaa, mama yake aliponipigia. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe umekiona hicho kitu kimeondoka? Umekiona kwa macho yako?"

Nilikosa la kusema. Sikuwa nimekiona. Nilikuwa nimesoma neno moja kwenye skrini, nikiwa Ukunda.

Jumamosi alfajiri nikapanda matatu ya Lunga Lunga, nikashuka Kanana, nikachukua bodaboda. Nilibeba bisibisi, alkoholi ya isopropili, pesti ya kupitisha joto, brashi laini, na skrini ndogo. Nikamwomba Mzee awaite wanakamati watakaoweza kuja, na yule kijana aje ashike tochi. Alikuja. Hakunisalimu kwa "kaka" kama kawaida yake, alisema tu "salama" na kuwasha tochi.

Kabla ya kuifungua nilichomeka skrini, nikaiwasha. Na hapo hapo, herufi nyeupe, ikaandika kwamba kiasi cha memori kimebadilika! Mashine ilikuwa ikilisema hilo kila inapowaka, lakini hapakuwa na skrini wala mtu wa kusoma. Kawaida ingesimama kusubiri mtu abonyeze F1. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeizima hiyo ya kusubiri, ili umeme ukikatika usiku mashine iwake peke yake. Andikeni hilo upande wa makosa yangu.

Tukaizima, tukachomoa waya wa umeme, tukaondoa kifuniko na lile plastiki la kuelekeza upepo. Vipoza joto viwili vikaonekana. Nikalegeza skrubu za cha pili, nikavuta. Hakikutoka. Nikakizungusha kidogo kidogo, kikaachia kwa mlio mkavu.

Prosesa ilikuwa pale pale imekaa. Bati lake limeandikwa E5-2650 V2, linasomeka bila miwani.

Kitu kingine nilitaka wakione wote. Pesti iliyokuwa katikati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi, ya kijivu, imeenea sawasawa bila mkunjo. Kipoza joto kikishawahi kuinuliwa na kurudishwa bila kupakwa pesti mpya, huacha alama zake. Pale hapakuwa na alama. Hakuna aliyegusa kipoza joto kile tangu seva ikiwa Mombasa. Niliwaeleza, Mzee akainama akatazama kwa muda mrefu, akasema "Alhamdulillahi," kisha akamtazama kijana. Kijana alikuwa akitazama tochi yake.

Sasa turudi kwenye kazi. Nilipoitoa prosesa, kona moja ya soketi ilikuwa na ukungu mweupe wenye ukijani. Soketi hii ni ya LGA2011, yaani ina vidole vidogo vya chemchemi 2011 kwenye bodi, na prosesa ina vibati vya dhahabu chini yake vya kuvikalia. Ukipinda kimoja umeiharibu bodi, kwa hiyo usiguse kwa kidole, wala usipitishe pamba, nyuzi zake hunasa.

Ni prosesa iliyokufa au ni soketi? Njia ya kujua ni ya kale na haina gharama: zibadilishane nafasi. Soketi ya kwanza lazima iwe na prosesa nzima, la sivyo mashine haiwaki. Nikasafisha vibati vya prosesa zote kwa alkoholi, nikaiweka ile "iliyoibwa" katika soketi ya kwanza, na ile nzima katika ya pili. Tukawasha. Mashine ikawaka! Lakini bado prosesa 16, na soketi ya pili bado tupu. Kwa hiyo prosesa zote mbili ni nzima, na tatizo limebaki pale pale kwenye soketi. Kosa lingehama pamoja na prosesa, ningejua ni prosesa.

Nilimwambia Mzee kwamba nikiisafisha soketi huenda nikaiua bodi nzima, tukabaki bila chochote. Akasema endelea. Nikadondosha alkoholi kwenye ile kona, nikapitisha brashi kufuata upande vidole vilivyolalia, taratibu sana, kijana akimulika na mimi nikitazama kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Nilirudia mara tatu. Tukaacha ikauke karibu saa nzima, tukala mkate wa mofa na samaki aliotuletea Bi mweka hazina.

Tukawasha. lscpu: prosesa 32, soketi 2. free: GB 62. Wanakamati hawakujua maana ya 32 lakini walishangilia, maana waliniona uso wangu.

Ilikuwaje ikajiona tupu? Katika soketi hii kuna mguso mmoja ambao kazi yake ni kusema "nimekaa" tu. Prosesa ikiingia, kifurushi chake huuvuta mguso huo hadi volti 0, na hauunganishwi kabisa na silikoni ya ndani. Mguso huo ukishikwa na uchafu, bodi inaamini hakuna kitu, hata iwe prosesa nzima kabisa. Sikuupima peke yake kwa hiyo siapi kwamba ndio, lakini unaendana na nilichokiona. Yaani neno Unpopulated lilikuwa na maana ya "sikuhisi mtu", nami nikalitangaza kwa watu kama "hakuna mtu".

Na uchafu ulitoka wapi? Shimoni yeyote atakujibu. Chumba kina madirisha ya vioo vya kupangana yanayotazama bahari, na kusi ikivuma hata bawaba za mlango zinaliwa. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukipita kama asilimia 75. Ndiyo maana chumvi ya jikoni hulowa kwenye kopo. Ndani ya seva inayofanya kazi kuna joto, na hewa ya joto unyevu wake wa kulinganisha hushuka, kwa hiyo chumvi iliyoingizwa na feni hukaa kavu bila madhara makubwa. Ukiizima, inapoa, unyevu unapanda, chumvi inalowa, na maji ya chumvi yanapenya kwenye vitundu vidogo vya ule mpako wa dhahabu hadi kwenye shaba iliyo chini. Ule ukijani ni shaba.

Na seva ile ilikuwa ikizimwa kila usiku ili kupunguza gharama ya umeme. Waliniuliza kwanza kama ina madhara. Nikawajibu haina.

Sasa haizimwi. Usiku tunaipunguzia kazi tu, na gharama imepanda kidogo, jambo ambalo Bi mweka hazina hunikumbusha kila mwisho wa mwezi. Tumeihamishia ukuta wa upande wa bara, na dirisha la karibu limezibwa. Pia nimeandika hati fupi: mashine ikiwaka inahesabu prosesa na memori, na hesabu isipokuwa ile ya kawaida inatuma ujumbe. Mistari sita tu. Ningeiandika tangu mwanzo simu ile isingepigwa.

Kuhusu kijana. Jumamosi ile ile, mbele ya wote, nilisema kwamba niliyewaambia prosesa haipo ni mimi, kwamba sikuwa nimeitazama, na kwamba nilikosea. Nikamwomba radhi. Mzee akampa ufunguo pale pale. Aliupokea, lakini alisema mashine isifunguliwe tena na mtu mmoja, hata kama ni mimi. Sasa imo kwenye kumbukumbu za mkutano. Jioni nikapita kwao kumsalimu mama yake. Alinipa chai, tukazungumza habari za mvua.

Kijana haiamini hati yangu. Kila asubuhi huingia mwenyewe, huandika zile amri mbili, na kunitumia ujumbe. Wa leo ulifika saa moja na dakika kumi: 32, 62.